Baba Mkwe Jikoni

Mimi nina hasira za karibu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Wanafunzi wangu wa darasa la pili wanalijua, mume wangu analijua, na baba mkwe wangu alilijua siku ile ile alipoletwa nyumbani kwetu Nkende, mjini Tarime, akakataa kuingia ndani.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili na sebule, na uani kulikuwa na jiko la mabati ambamo nilipikia na kuhifadhi mkaa. Mume wangu hakuwa na kazi. Alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii upande wa Natta, wageni wakapungua, kambi ikapunguza watu, naye akarudi Tarime na begi moja, kofia nyeupe ya upishi, na ujuzi wa kupika supu ya maboga ambayo hakuna mtu Nkende angeinunua. Tukawa tunaishi kwa mshahara wangu wa ualimu, sisi na watu wa kwao.

Na kwa mwaka ule watu wa kwao walihitaji kila kitu. Kijiji chao kiko bondeni, karibu na mto Mara, na mvua ziligoma. Ng'ombe wa baba mkwe walianza kuanguka. Ng'ombe akishakonda sana hawezi kuamka mwenyewe asubuhi, na akilala mchana kutwa ndiyo basi tena, kwa hiyo kila alfajiri wanaume walikwenda zizini na miti mirefu, wakaipitisha chini ya tumbo la mnyama na kumwinua. Walifanya hivyo kwa wiki nyingi. Siku ya ng'ombe wa mwisho, jike jeusi ambalo mzee alilipenda kuliko yote, walilinyanyua nusu, miti ikateleza, likamwangukia mguuni. Mfupa ulipona, lakini nyama ya muundi ilichanika vibaya. Jike nalo likafa siku ile ile.

Kidonda kilikataa kufunga. Kilitakiwa kusafishwa hospitali kila baada ya siku mbili, na kutoka bondeni hadi mjini ni mbali kwa mtu wa mguu mmoja mzima. Mama mkwe alikuwa ameshafariki miaka mingi. Basi mume wangu akaenda kumchukua.

Nilijiandaa, jamani. Chumba cha pili nilikuwa nimekitenga kwa ajili ya mtoto. Nilitoa beseni, nikatoa vitambaa nilivyokuwa nimeanza kushona, nikatandika godoro jipya na shuka la maua, nikafunga chandarua. Nilipika ugali wa mtama na mgagani uliochanganywa na maziwa, nilivyofundishwa. Bajaji ikafika, mzee akashushwa, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akaitikia akiwa anaangalia ukuta. Kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akaweka fimbo yake magotini, na hapo ndipo alipogoma.

Mume wangu alisema naye kwa Kikurya, polepole, kisha kwa haraka. Mimi nilisimama mlangoni nikishika kiuno.

"Anasema nini?"

"Anasema atalala jikoni."

"Jikoni kwenye mkaa?"

"Ndiyo."

Sisi kwetu Morogoro baba mkwe akija anapewa kochi lililo mbele ya televisheni, na anabadilisha stesheni bila kuuliza. Nikaona hapa kuna dharau. Nikaona mzee ameangalia nyumba yangu, ameangalia kabila langu, ameona afadhali masizi. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, na nikasema mambo kwa sauti ambayo nilijua ukuta ule hauwezi kuizuia. Nilisema kama shuka langu linanuka basi aletewe la huko kwao. Nilisema na mengine.

Mume wangu aliingia baadaye, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa," alisema. "Pale anapolala mkamwana, yeye hafiki. Hagusani naye mkono, hampi kitu mkononi, hasemi naye ovyo. Ni heshima. Akiingia humu amekuvunjia heshima wewe, siyo mimi."

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini kuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Nijulie wapi? Kwenye mtaala wa darasa la pili?"

Alicheka, na mimi kwa bahati mbaya nikacheka pia, ingawa nilikuwa bado nataka kulia. Siku ile aliutoa mkaa wote, akapiga deki, akaziba matundu ya mabati kwa vipande vya maturubai, akaingiza godoro. Jiko langu likawa chumba cha baba mkwe, na mimi nikahamia uani na jiko la mkaa, chini ya kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani.

Kabla ya kwenda kulala mume wangu aliniambia jambo ambalo sikulisahau. Alisema, "Nataka kitu kimoja tu mwaka huu. Kazi nitapata au sitapata. Nataka baba amwone mtoto." Nikamuuliza kwani kidonda cha mguu kinaua. Akasema muuguzi amemwambia kidonda kitapona kama mtu atakula, na baba hali. Tangu jike jeusi lilipokufa alikuwa anaonja tu.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi, na kazi yangu kuu mbali na kufundisha ikawa kumlisha mtu ambaye siruhusiwi kumpa sahani. Siku ya pili nilijisahau nikamnyooshea kikombe cha uji. Alikiangalia kile kikombe mpaka mkono wangu ukachoka. Mwishoni nikakiweka juu ya kigoda kilichokuwa kati yetu, nikarudi nyuma hatua tatu, na hapo akakichukua bila shida yoyote, kama vile uji umemwotea pale. Tangu siku ile kigoda kikawa mahali petu. Dawa kigodani, maji ya kunawa kigodani, sahani kigodani. Niliweka, nikaondoka, akachukua. Alikunywa nusu, akarudisha nusu.

Sasa kulikuwa na tatizo la kuongea. Mume wangu akiwepo, mzee alimtuma yeye: mwambie mama wa humo ndani hivi na hivi, ilhali mama wa humo ndani nimesimama hapo hapo nikichambua mchele. Lakini mume wangu alikuwa anatoka kila siku kutafuta kibarua, na mara nyingine alikwenda hadi Mugumu akarudi kesho yake. Hapo mzee alibaki bila mjumbe. Tulikuwa na kuku mmoja, tetea mwekundu, aliyekuwa akizunguka uani. Siku moja nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kuku," alisema mzee kwa Kiswahili, polepole. "Uji ni mwingi. Mtu mmoja hawezi kuumaliza."

Niligeuka. Alikuwa anamtazama kuku kwa makini kabisa. Kuku naye alikuwa anamtazama.

Mimi hasira zangu ni za karibu lakini kicheko changu kiko karibu zaidi. Nikamwambia kuku, nikimwita mzee tata, yaani baba kwa Kikurya, "Wewe kuku, mwambie tata muuguzi amesema amalize."

"Kuku, muuguzi huyo amewahi kunywa uji huu?"

"Kuku, una nini uji?"

"Hauna kitu, kuku. Ni mzuri. Ni mwingi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfahamu baba mkwe wangu. Nikirudi kutoka shuleni miguu imevimba, nilikaa kwenye ndoo niliyoifudikiza, nikimenya mihogo, naye alikaa mlangoni kwake akichonga vijiko vya mti kwa kisu kidogo, na kuku alikuwa kati yetu akipelekwa huku na huku. Alinieleza, yaani alimweleza kuku, habari za yowe la ng'ombe. Alisema zamani mtu akipiga yowe kwamba wezi wamepita, hakuna mwanaume anayeuliza ni ng'ombe wa nani. Unaacha chakula, unaacha mke, unakimbilia sauti. Anayebaki nyumbani anatozwa faini, na anayepiga yowe la uongo anatozwa zaidi. Alikimbilia mayowe mengi. Kisha akapuliza mabaki ya mti kwenye kijiko.

"Sasa, kuku, hata nikisikia yowe nitakimbia na nini. Na la kwangu nitalipigia nini. Zizi ni tupu."

Siku ile alirudisha uji wote. Niliumia, na nikakasirika kwa kuwa nimeumia. Nilitaka kumwambia kwamba ndani ya tumbo langu kuna mtu anayepiga mateke kila nikiinama, kwamba zizi si kitu pekee duniani. Lakini huwezi kumwambia kuku maneno kama hayo akayafikisha.

Nikiikumbuka miezi ile nashangaa, maana nilikuwa na furaha. Nyama hatukuionja. Mume wangu alipika dagaa kwa namna tano tofauti na kila moja akaipa jina la kambini. Ile supu yake ya maboga alinipikia mimi, na niliinywa nikiwa nimevaa kofia yake nyeupe, jua likishuka nyuma ya migomba ya jirani, mzee akikohoa kwa moshi wangu. Jirani yangu, mama anayeuza maandazi, alinipa vitambaa vya mwanawe wa mwisho. Nilikuwa nimechoka na nimeridhika. Kilichonikosesha raha kilikuwa ni ile nusu bakuli ya uji iliyorudi kigodani kila siku, na mguu ambao kila ukifunguliwa hospitali ulikuwa vile vile.

Mvua zilirudi wiki ambayo nilitakiwa kujifungua. Mume wangu alipigiwa simu kutoka Natta kwamba kambi nyingine inatafuta mpishi, aende waonane. Alisita. Nikamwambia nenda, mtoto wa kwanza huchelewa, kila mtu anasema. Tulikuwa tumeongea na dereva mmoja wa bajaji wa pale mtaani, akipigiwa tu anakuja. Mume wangu akaondoka alfajiri.

Mgongo ulianza kuniuma wakati nafagia. Nikasema ni ufagio. Nikafua nguo mbili, nikasema ni kufua. Mwalimu anayewafundisha watoto kusoma saa alishindwa kugundua kwamba ufagio ule ulikuwa unauma kila baada ya dakika chache. Nilipoingia sebuleni kuchukua daftari za kusahihisha, chupa ikapasuka, maji yakanimwagikia hadi miguuni, na uchungu ukaja mmoja ambao uliniweka chini, magoti na mikono, mbele ya kochi.

Nilimpigia wa bajaji. Alikuwa Sirari, amepeleka abiria. Nilimpigia jirani, simu ikaita tu, alikuwa sokoni na maandazi yake. Mume wangu hakupatikana. Kisha uchungu mwingine ukaja, simu ikanitoka, ikaenda chini ya kochi, na sikuweza kuifuata. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo. Nikapiga kelele, nikasema, "Tata." Sikumtuma kuku.

Nilisikia fimbo yake ikija. Ilikuja hadi kwenye ngazi ya mlango, ikasimama. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshuka. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, na bandeji.

"Ni mtoto?" aliuliza. Aliniuliza mimi.

"Ni mtoto, tata. Anakuja."

Pazia halikutikisika. Vidole vile vilibaki pale kwa muda ambao nadhani ulikuwa mfupi, lakini mimi niliuona mrefu. Kisha vikageuka vikaondoka, na nikafikiri, basi, heshima itaniua leo.

Ndipo nikasikia sauti. Sikujua kama mwili ule uliokataa uji una sauti kama ile. Ilianzia chini, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. Mimi ni mtu wa kuja, nilikuwa sijawahi kulisikia, lakini nywele zilinisimama, na nikajua ni nini. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba ya kupanga, mchana kweupe, mjini, anapiga yowe la ng'ombe.

Nkende ni mji, ina saluni na maduka ya simu. Lakini wanaume wa Nkende wamezaliwa vijijini. Nilisikia pikipiki zikizimwa. Nilisikia miguu, mingi, kutoka kila upande, na geti la mabati likigongwa na kufunguka. Nilivyosimuliwa baadaye ni kwamba walikuja na mapanga, fimbo, nyundo, na fundi wa kuchomelea alikuja na kioo chake kichwani na nondo mkononi. Mmoja alikuja na kinyozi wake, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Wameelekea wapi?" sauti iliuliza.

"Hakuna aliyeelekea," alisema mzee. Alikuwa anahema.

"Wameiba nini?"

"Hawajaiba kitu. Kuna kinachokuja." Akaelekeza fimbo kwenye mlango wangu. "Mimi siwezi kuingia humo. Tafuteni wanawake."

Kisha nikasikia wanaume wale wote wakikimbia tena, na baada ya muda mfupi jirani yangu aliingia na unga mikononi, na mama wengine wawili nisiowajua, na mmoja wao akaniambia kwa ukali nisisukume, na nikampenda papo hapo. Walinitoa nje nimefungwa khanga. Wanaume walikuwa wametupa migongo, wote, wamesimama wakiangalia ukuta na mapanga yao kama wanafunzi walioadhibiwa. Pikipiki ya matairi matatu iliyokuwa imebeba saruji ilikuwa imeshashusha mifuko barabarani. Nililazwa humo juu ya godoro la chumbani kwetu, na lile kundi lote likatusindikiza hadi hospitali, maana walikuwa wameshaitwa na hawakuona sababu ya kurudi.

Mlinzi wa getini alipoona mapanga alifunga geti. Ilibidi jirani yangu ashuke akamweleze. Muuguzi alipouliza ni nani ndugu wa mgonjwa, walijibu wengi kwa pamoja.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa saba mchana. Wa kike. Habari zilipofika getini, nilisikia mtu akishangilia kwamba ng'ombe wa mzee wamerudi, mahari hiyo imezaliwa, na kama ningekuwa na nguvu ningemtupia bakuli.

Mume wangu alifika jioni, amelowa, amepata kazi, na hajui aanze kulia na lipi. Kesho yake aliniletea supu ya kuku hospitali. Niliinywa yote. Nilipofika mwisho wa bakuli nikamuuliza ni kuku gani.

"Kuku yupi mwingine tunaye?"

Nilijisikia vibaya, na supu ilikuwa tamu.

Niliuliza habari za mzee. Akasema asubuhi ile wazee wawili wa mtaa walifika kumuuliza kuhusu yowe la uongo. Mzee aliwajibu kwamba hakusema uongo, hakuna mahali alipotaja ng'ombe. Walifikiri, wakaomba chai. Kisha nikauliza kama amekula. Mume wangu akatazama pembeni. Akasema tangu jana amekaa tu kwenye kigoda, anaangalia geti.

Tulirudi mchana. Mzee alikuwa pale pale. Niliwaza njia nzima nitafanyaje, maana kigoda ni kidogo na mtoto si kikombe. Lakini alikuwa ameshafikiria. Mbele yake alikuwa ametandika mkeka, juu ya mkeka shuka lake jekundu, amelikunja mara nne, na pembeni ameweka kijiko kidogo cha mti, kipya. Nilipiga magoti, nikamlaza mtoto juu ya shuka. Nikarudi nyuma hatua tatu, na safari hii nilizihesabu kwa mapenzi.

Alimwinua. Mikono ile ndiyo iliyowainua ng'ombe. Alimtazama kwa muda mrefu, usoni, vidoleni, nyuma ya masikio, kama mtu anayetafuta alama. Alisema kitu kwa Kikurya, na mume wangu aliyekuwa nyuma yangu hakunitafsiria, alishindwa.

Kisha mzee akainua macho akatafuta uani. Nilijua anamtafuta kuku. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwangalia mwanawe ambaye aligeuza uso upesi. Halafu akamrudia mtoto, akamsogeza karibu na kinywa chake.

"Wewe," alimwambia. "Mwambie mama yako kuna njaa hapa. Alete uji. Na asiweke kidogo."